Zimwi Lililoitikia Shikamoo

Jumamosi nilikuwa kwa fundi cherehani wangu wa Sinza, nasubiri suruali ipunguzwe. Kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, watu wazima wanne walikuwa wanacheza ule mchezo wa kusimulia vita vya kubuni na kurusha dadu. Mwalimu mmoja wa sekondari ndiye msimulizi, na yeye ndiye huwasemea maadui wote.

"Zimwi limetoka pangoni," alisema, amekunja mikono kama ameshika silaha. "Lina upinde wa mtambo, unatema mishale kumi mfululizo. Limekulenga wewe, sista."

Sista, karani wa benki, katika mchezo alikuwa amebakiwa na fimbo iliyovunjika tu. Aliziangalia dadu, akaziacha. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba mwanangu, hujambo?" mwalimu akajibu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Fundi akasimamisha cherehani. "Umeshaitikia, mwalimu. Utampigaje tena?"

"Nimeitikia mie, siyo zimwi!"

"Kwani zimwi linasemewa na nani hapa?"

Meza nzima ikapiga makofi. Mwalimu akashusha mikono taratibu, na upinde ukashuka na mishale yake yote kumi.

Nami ninaye kijana wa dirishani, karani wa ofisi moja mjini, ambaye naye hutema mfululizo: mtandao hakuna, leta kopi, bosi katoka, njoo kesho. Jumatatu narudi kwake. Ni wa umri wa kumzaa kabisa, lakini safari hii shikamoo natoa mimi.