Shamba la Baba Nililolishikia Mnyororo

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika mnyororo wa kupimia ardhi. Watu wawili huuvuta, mmoja mbele, mwingine nyuma akiangalia usilegee. Mimi nilikuwa nyuma. Walinichukua kwa kuwa nilikuwa na darasa la nne na nilisoma namba. Mzungu aliyeomba ardhi ile, bondeni karibu na Gulwe, tulimwita Bwana tu.

Mchana tukafika kwenye mabua ya mtama. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, akauliza shamba lile ni la nani. Nilijua. Lilikuwa la baba yangu, Ndahani, na alilifyeka kabla sijazaliwa. Lakini nilivyolelewa, kijana hajitajii shamba mbele ya wakubwa na baba yake yu hai. Ni kama kumwombea kifo. Nikainama, nikingoja baba aitwe.

Hakuitwa. Nyapara, msimamizi wa vibarua, akasema halina mwenyewe. Wakaandika, tukauvuta mnyororo mbele.

Nyumbani baba hakunigombeza.

"Walipouliza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba."

"Haya."

Bwana akapanda karanga. Mimi nikapandishwa kuwa karani wa vipande. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku ya kazi ilitiwa alama. Baba, akiwa hana tena pa kulima, akaja kuomba kibarua. Kila asubuhi nilimwita kwa jina kama wengine, naye aliitika, "Naam, karani." Wenzake walicheka, wakamwambia amezaa bosi wake.

Siku moja alikuwa na homa, akaacha mistari miwili ya palizi. Bwana aliniambia nisimtie alama. Nikamwambia yule ni mzazi wangu.

"Ndiyo maana nakutazama wewe," akasema.

Sikutia. Baba aliitazama kadi, akairudisha. Alifariki akiwa bado kibarua katika shamba alilolifyeka mwenyewe.

Baada ya Bwana alikuja mwanawe, mpole kidogo, aliyejua kututania kwa Kigogo. Kwake nikawa nyapara mkuu. Baadaye serikali ikalichukua shamba, akaletwa Meneja, mtu wetu, mweusi kama mimi. Nikaenda ofisini kwake na habari ya shamba la baba. Akafungua ramani.

"Mzee, hapa pameandikwa hapakuwa na mtu. Nami nafuata karatasi."

Nikarudi kazini. Nilimtumikia mpaka nikastaafu.

Mwaka juzi mjukuu wa Bwana alikuja kwangu Nzuguni, nilikohamia, akiandika historia ya familia yao. Kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akanywa chai yetu. Safari hii nilisema. Nilimtajia Ndahani, nikamweleza mtama ulianzia wapi ukaishia wapi. Aliandika kurasa nyingi.

Kitabu kilifika mwaka jana, mwanangu akanisomea kwa Kiswahili. Kinasema babu yao alikuta nyika tupu. Mwishoni nashukuriwa mimi, mtumishi mwaminifu wa familia. Nilimwomba mwanangu atafute tena, ukurasa kwa ukurasa. Baba hayumo.

Siku hizi wapimaji wanapita Msalato na huku kwetu kila mara, na wanaowabebea vyombo ni watoto wetu, wenye haya kama nilivyokuwa. Kijana, ukiulizwa shamba ni la nani, jibu papo hapo. Baba yako atanuna siku mbili tu.