Saa Kumi ya Nani?

Mama Mkasi hakuwa mtu wa kunong'ona. Akiwa kwenye cherehani yake, hata wa ng'ambo ya barabara walijua suruali ya nani imebana. Basi alipoingia ofisi ya kampuni ya mikopo ya nyumba mchana ule, waliokuwa wakisinzia kwenye foleni walikaa sawa.

Alikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Nyumba yao ya vyumba viwili, waliyoilipia kwa kujinyima, ilikuwa ipigwe mnada wiki ijayo kwa faini za kuchelewesha malipo. Kuchelewesha! Mlipaji alikuwa mumewe, dereva wa lori, mpole kama maji ya mtungi. Kila tarehe tano jioni, akishakabidhi gari, alilipa kwa simu. Barua ya mnada ilipofika, Mama Mkasi hakuuliza mara mbili. Alimwita mwizi mbele ya watoto, akasema pesa amezila na kimada. Bwana wa watu akachukua shati lake, akaenda kulala kwa kaka yake bila kujibu neno.

Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika dirishani, jua lilikuwa limeshapinda.

"Mama, malipo yote tunayaona," alisema karani, kijana mwenye tai, macho kwenye kompyuta. "Tatizo ni muda. Mwisho ni tarehe tano, saa sita mchana. Mzee analipa saa kumi na moja jioni."

Kwa hiyo alikuwa akilipa. Mama Mkasi alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, na kwa kuwa aibu hakuizoea, akaigeuza hasira papo hapo.

"Saa sita imetoka wapi? Ujumbe wenu huu hapa kwenye simu! 'Lipa kabla ya saa 12.' Saa kumi na moja na saa kumi na mbili, ipi inatangulia?"

"Hiyo 12 ni saa sita, mama. Mashine inahesabu kizungu."

"Saa kumi na mbili ni saa sita? Wewe, mama yako alipokutuma dukani saa kumi na mbili, ulikwenda jua la utosi?"

Foleni ikaangua kicheko. Karani akakohoa, akasema utaratibu ndio huo, yeye hana uwezo nao. Mama Mkasi akataka meneja. Meneja ana kikao. Akasema atamsubiri. Hapo askari wa mlangoni akaja taratibu na funguo zake.

"Mama yangu, samahani. Saa kumi imefika, tunafunga."

Mama Mkasi akageuka atoke, maana alishachoka. Lakini kwenye kioo cha mlango akakiona kibao cha kampuni: TUNAFUNGA SAA 10. Akasimama. Loo!

"Saa kumi ya nani?" aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha askari zaidi. "Kama 12 yenu ni saa sita, basi 10 yenu ni saa nne. Sasa hivi mchana bado. Mnafunga saa nne usiku! Mimi sitoki."

Akajitupa kwenye benchi kama gunia. Mzee mmoja wa foleni akasema, "Na mimi sitoki, faini zangu ni hizo hizo." Wengine wakakaa. Askari akamtazama karani, karani akautazama mlango wa meneja, na mlango ukafunguliwa wenyewe kwa zile kelele.

Meneja alisoma ujumbe, akasoma kibao, akasoma ujumbe tena. Hakubisha. Giza lilipoanza kuingia, Mama Mkasi alitoka na barua yenye mhuri: faini zimefutwa, mnada umesitishwa. Hakuaga mtu. Kumnyang'anya mtu nyumba kwa kutojua kusema saa! Washenzi wakubwa.

Barabarani akampigia mumewe. Simu ikapokewa.

"Baba watoto, nimekukosea. Ulikuwa unalipa, na mimi nimekutukana bure."

Akapisha bodaboda, akaendelea.

"Rudi nyumbani. Chakula saa mbili."

Ndipo alipoisikia sauti ya yule mpole, baada ya siku zote zile. "Watu wa mnada je?"

Akamweleza yote, pamoja na benchi na kibao. Upande wa pili kukawa na kicheko kidogo.

"Saa mbili ya nani sasa?"

"Ya kwetu, mwanaume wee!" alifoka, huku machozi yakimtoka. "Na ukichelewa nakutoza faini."