Aliyewapima Abiria wa Walikale

Jumapili tukitoka misa niliambiwa kwamba yule mpimaji wa uwanja wa ndege wa Walikale hatunaye tena. Homa ilimlaza na haikumwachia. Wasomaji ambao hawajawahi kusafiri kwa ndege kutoka pale watauliza huyo ni nani hata apewe safu nzima, wakati wakubwa wamezikwa kwa tarumbeta nami sikuwaandikia hata mstari mmoja. Jamani, nivumilieni. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, aliyezoea baridi, akapelekwa kufanya kazi katika joto la msituni. Alipima mizigo ya abiria juu ya mizani ya kahawa, na watu wenyewe aliwakadiria kwa macho. Nilimpenda, na habari hii imeniuma sana.

Wengi walimwona mkorofi. Iweje asubuhi ndege ipokee kila kitu, halafu saa sita mchana ikatae hata kapu la mihogo? Yeye alijibu akicheka: “Papa, hewa ya jua kali iko nyepesi, haishike mabawa muzuri. Ndeke inakimbia, inakimbia, na miti iko kule mwisho inaingojea.” Rubani alipunguza uzito kufuatana na joto la siku, na mpimaji akahakikisha hauzidi. Nasi tulitafuta ujanja wetu. Wanaume walijaza misumari mifukoni, wanawake walijifunga vikwembe kimoja juu ya kingine na kuficha vitu katikati. Hapo ndipo angesema: “Mama, ulishuka hapa mwembamba. Walikale njo imekunonesha hivi?” Watu wangecheka, na mama angetoa chumvi yake huku akimtukana.

Lakini kuna siku ambayo hakucheka. Ndege ilichelewa Goma kwa sababu ya ukungu, ikatufikia mchana, jua likichoma hata kupumua kazi. Kuelekea milimani mawingu ya mvua yalikuwa yanapanda, kwa hiyo kungoja jioni haikuwezekana. Katika foleni alisimama mama mmoja wa Mushaki aliyekuja kumtembelea mwanawe, karani wa machimbo. Alikuwa mnene kupita kiasi, jasho likimtiririka. Na mama huyo alikuwa mama wa msichana aliyechumbiwa na mpimaji wetu. Ninyi mnajua desturi: mama mukwe hatazamwi usoni, haguswi, haambiwi neno lolote kuhusu mwili wake. Mpimaji alikuwa peke yake kazini, na rubani hakujua Kiswahili zaidi ya neno “haraka”.

Mpimaji alinivuta kando akaniomba nikaseme na mama kwa niaba yake. Nikaenda na tai yangu shingoni. Weee! Mama alinikazia macho: “Wewe njo unataka kuhesabu mwili yangu?” Nikarudi mbio.

Basi mpimaji akaenda mwenyewe. Alivua kofia, akapiga magoti kwenye vumbi, uso ameugeuzia msituni. “Mama, unisamehe. Ile bintu iko chini ya bikwembe, uiache hapa. Ukipanda nayo, ndeke haitapita miti. Ukininyima mutoto wako, uninyime, lakini wewe utafika.”

Wanawake wakamzunguka yule mama kumsitiri, na kutoka katikati yao zikatoka chupa za mawese, nyama ya kukausha, na mfuko wa mchele, vyote vya karamu ya ndoa. “Muntu bila haya!” alipiga kelele. “Ndoa imekwisha! Mutoto wangu hutamuona tena!” Mpimaji aliinuka, akafuta magoti, akamwashiria rubani kwamba tuko tayari.

Ndege ilikimbia mpaka nikadhani uwanja umekwisha. Ilipoinuka, matawi ya juu yaligonga magurudumu na sote tukasikia. Yule mama alikuwa pembeni yangu. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia, na hakuuachia mpaka tukaona ziwa.

Siku hizi tunafurahia mashine, na tunafanya vizuri. Lakini tunataka zitupendelee kama vile mjomba anavyompendelea mpwa wake. Mashine haina ukoo. Jua likiwaka, ndege haimbebi mukwe zaidi ya mtu baki, wala haimbebi mkubwa zaidi ya mchuuzi. Kwa hiyo inahitaji pembeni yake mtu wa kutukatalia, na mtu huyo tunamchukia tukiwa bado ardhini.

Tulipotua Goma, kaka za yule mama walikuwa wanangoja, wakamwuliza habari ya ndoa. Alikaa kwanza chini, akafunga upya kikwembe chake. “Ile mwanaume alijua nitamunyima mutoto,” alisema, “na alisema tu. Basi mutoto aende kwake. Kwake hatakufa kwa sababu ya haya ya watu.” Wakaoana, na kwa miaka waliyojaliwa walikaa vizuri.

Tangu siku ile, mtu akiniudhi kwa ukweli mbele ya watu, kabla sijakasirika najiuliza anapoteza nini kwa kuusema. Mpimaji wetu alikuwa tayari kupoteza mke. Wengi wetu hatuko tayari kupoteza hata salamu.