Chaja ya Mtu Asiyetoka Nyumbani

Kwetu Wachaga mtoto wa mwisho hubaki na nyumba ya baba. Mila haiulizi kama anaitaka. Kwangu mimi haikuwa na haja ya kuuliza, maana wakati kaka zangu wanapanda basi kwenda Dar kutafuta maisha, mimi yangu nilikuwa nimekwisha kuyapata hapa Kimandolu, sebuleni, kwenye kiti cha baba, karibu na dirisha. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mpaka leo sijawahi kulalamika kwamba nimechoka kupumzika. Niliishi kwa kodi ya vyumba vinne vya uani na mayai ya kuku walionitambua kwa hatua.

Pamoja na nyumba nikarithi gari. Lilikuwa mgongo wa chura, lile gari dogo la duara lenye injini nyuma, rangi ya mtindi. Baba alilinunua enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na magari mawili, na la pili lilikuwa la mchungaji. Baadaye biashara ikaachiwa huru, magari ya Kijapani yakamiminika kupitia Dubai, na kila mwenye gari la zamani akalisukuma nyuma ya nyumba likawa banda. La baba halikuruhusiwa kufa. Siku ya kumaliza matanga kaka mkubwa alitamka mbele ya ukoo kwamba gari litabaki kwangu, nitaliwasha kama baba alivyokuwa akiliwasha, na kila Desemba yeye mwenyewe atakuja kuliendesha hadi Uchagani, watu waone kwamba mzee aliacha watoto. Mtu mwingine asiliguse.

Shida ni kwamba gari lilikuwa na ugonjwa. Umeme ulivuja mahali fulani, na mafundi watatu waliutafuta wakaishia kunywa chai. Betri yake ilikaa chini ya kiti cha nyuma kama kuku anayeatamia. Ilikuwa ya volti sita, zile za zamani, ambazo madukani zilikuwa zimeanza kuwa hadithi. Usipowasha injini siku tatu, betri inakufa. Ikifa mara nyingi haifufuki, na ikikataa kufufuka kaka atageuza ufunguo Desemba na kusikia kimya.

Kwa hiyo kila asubuhi niliingia garini nikawasha, nikakaa nusu saa nikisoma magazeti ya mwezi uliopita. Nilikuwa dereva maarufu asiyekwenda popote. Na kila Jumapili simu ya mezani ililia, na kabla ya salamu kaka aliuliza, "Limeamka?"

Nikajibu limeamka. Miaka minane hiyo.

Nisijisingizie unyonge. Gari lile lilinifaa. Ukiniita kwenye harusi Moshi, nilikuuliza gari nitamwachia nani. Ukiniita kwenye kipaimara Kikatiti, ambako ni pua na mdomo, nilikuuliza vilevile. Watu wakanihurumia. Walisema masikini, amefungwa na urithi. Nami nikainamisha kichwa kama mtu aliyefungwa, kisha nikarudi kwenye kiti changu.

Aliyekataa kunihurumia ni mke wangu. Yeye ni Mpare, na Wapare na Wachaga ni watani, kwa hiyo ndani ya nyumba yangu nilikuwa na mtani aliyekula kiapo kanisani. Mama yake alikuwa anazeeka huko juu milimani, kijiji kisicho na umeme, na kila mwaka alituma neno kwamba anataka mkwe wake aje akae, si kupita kama mkaguzi wa shule. Siku ya kutoa mahari nilifika asubuhi nikaondoka jioni. Tangu hapo sikurudi. Mwaka ule mama alituma neno mara mbili, na la pili lilisema macho yake yanaanza kufifia, angependa aone sura yangu kabla hajaanza kuikisia.

Nikasema ninalosema siku zote. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mama hajaomba gari," akasema. "Ameomba mtu."

Kisha akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba shule zikifunga atachukua watoto na kwenda kwao, na atakaa huko mpaka nitakapokuja kumfuata na kulala wiki mbili chini ya paa la mama yake. Nisipokuja, basi. Hakufafanua hiyo basi.

Jirani mmoja ndiye aliyenitajia chaja zenye akili. Zimeingia mjini, akasema, unaibana kwenye betri na kuiacha mwezi mzima. Betri ikijaa, chaja inajizuia yenyewe, ikipungua inaongeza. Mke wangu aliposikia alinipa nauli, kofia na orodha ya sabuni, akanisindikiza hadi getini asije akaniona nikirudi.

Nilianzia Daraja Mbili kwa fundi wa betri, mzee aliyekuwa akichaji betri kumi na tano kwa mpigo kwenye benchi, suruali yake imejaa matobo ya asidi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu kwa kirefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema umeme ukivuja fungua waya mmoja wa betri, nenda zako ukarudi mwezi ujao, chaja ya nini. Nilimsikia vizuri sana. Ndiyo maana nikabadilisha mazungumzo, nikaulizia mvua.

Duka la vipuri lilikuwa karibu na stendi. Muuzaji, kijana wa Kichaga mwenye kalamu sikioni, aliniuliza volti ngapi.

"Sita."

"Sita? Hilo si gari, mzee wangu, ni tochi yenye matairi."

Hata hivyo alipekua, akatoa chaja mbili akaziweka juu ya kioo cha kaunta. Bei zilikaribiana, kwa hiyo hata hapo sina pa kujificha. Zote mbili ziliweza volti sita. Ya kijivu ilikuwa na swichi pembeni. Ukiiweka kwenye sita, imekaa sita, na umeme ukikatika na kurudi inaendelea pale ilipoachia, hata kama wewe uko Zambia. Ile nyeusi ilikuwa na kitufe na taa nzuri tatu. Ila umeme ukikatika inasahau kila kitu. Umeme ukirudi, inapepesa taa nyekundu na kungoja mtu aje aibonyeze tena.

Wakati huo umeme wa Arusha ulikuwa wa mgao. Ulikatika kama vile una shughuli zake. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeuliza swali la pili. Muuzaji akaisogeza ya kijivu mbele yangu.

"Chukua hii. Hiyo nyingine ni ya mtu asiyetoka nyumbani."

Nilihisi kama nimeitwa kwa jina. Nikazitazama zote mbili. Ile ya kijivu ilinitazama kama tiketi ya basi. Nikaona barabara ya Same, nikaona mlima, kitanda cha ugenini, wiki mbili za kuulizwa kama nimeshiba. Nikasema ile nyeusi ina taa nzuri, nifungie hiyo.

Nyumbani niliibana kwenye betri, nikabonyeza, taa ya kijani ikawaka, watoto wakapiga makofi. Mke wangu akaanza kupanga nguo zangu kwenye begi. Nikamwachia azipange. Jioni ile ile umeme ukakatika. Uliporudi, taa nyekundu ikawa inapepesa na mimi nikainuka kwenda kubonyeza. Alinifuata mpaka garini. Akatazama taa, akanitazama mimi, akauliza kama dukani kulikuwa na ya namna hii tu. Ningeweza kudanganya, lakini ameishi nami muda mrefu, uongo wangu anaumalizia yeye. Nikamwambia ilikuwapo nyingine.

"Kwa hiyo," akasema, "umetoka siku nzima kwenda mjini kununua kamba ya kujifungia."

Akatoa nguo zangu kwenye begi, moja moja, akazikunja vizuri. Asubuhi akaondoka na watoto.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka tangu kuzaliwa: nyumba yote, kiti, dirisha, na sababu halali ya kutotoka. Ilinitosha siku moja. Siku ya pili niligundua kwamba siwezi hata kwenda dukani kununua mkate, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ungeweza kurudi nikiwa njiani. Nikanunua mkate kupitia tundu la uzio, kwa mpangaji wangu, ambaye alinipitishia kama mtu anayemletea mahabusu chakula. Siku ya tatu nilikaa nikisikiliza redio za majirani, maana zikianza kulia ndipo ninajua umeme umerudi. Zikilia, naenda kubonyeza. Zikinyamaza, narudi kukaa. Usiku naamka. Kitanda kilikuwa kipana ajabu. Awali, kwenye gari, angalau mimi ndiye niliyewasha. Sasa nilikuwa naitwa na taa nyekundu kama mhudumu wa hoteli.

Jumapili simu ikalia. Kaka akauliza, "Limeamka?"

Nikajibu limeamka. Hakuuliza kama mimi nimeamka, wala mke wangu yuko wapi. Aliposema kwaheri nikabaki na mkono wa simu sikioni, nikisikiliza ule mlio wa laini iliyokatwa.

Kesho yake nikafungua ule waya ambao mzee wa Daraja Mbili aliniambia nifungue. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Lakini moyo wa mlinzi haufi mara moja. Betri iliyofungwa ni ya gari, iliyofunguliwa ni ya mwizi, na volti sita sitaipata tena. Basi nikaitoa nzima nzima, nikaiweka kwenye ndoo ya plastiki, nikaizungushia matambara isimwage asidi, na kwa kuwa niliona aibu kusafiri na betri mapajani kama mtoto, nikaifunika kwa khanga ya mke wangu.

Mchaga mwenye akili za kwao angejua nimefanya nini. Mimi nilijua nilipofika.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nikainama, shikamoo mama. Akanishika mkono, akanisogeza kwenye mwanga, akaniangalia uso muda mrefu, mpaka nikaanza kuona haya kwa miaka yote ile. Kisha, kama desturi inavyotaka, akina mama wakaja kunipokea mzigo. Mzigo ni ndoo. Ndoo imefunikwa khanga. Mkwe hajakanyaga hapo tangu mahari. Ukweni kitu kilichofunikwa khanga kina maana moja tu, zawadi, na vigelegele vilipigwa kabla sijafungua mdomo.

Mama akafunua. Akaipapasa kwa vidole.

"Mwanangu," akasema, "nani alikuambia redio yangu haina mawe tangu Pasaka?"

Redio yake ilikula mawe manne ya tochi, na mawe manne ni volti sita kamili. Jirani akaja na nyaya mbili. Kabla uji haujapoa redio ilikuwa inasoma habari kwa sauti ya kushtua kuku, na mama mkwe amekaa mbele yake mikono imekunjwa, macho yake yasiyoona vizuri yamefumbwa kabisa kwa raha.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, midomo ameibana. Alijua khanga ile ni ya nani na betri ile ni ya nani. Baadaye nikamfuata nyuma ya nyumba, nikamwomba amweleze mama.

"Mweleze wewe."

"Nitamwambia nini?"

"Mdai. Sisi Wapare tunapenda kesi."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye gogo, nikakaa naye. Wiki mbili nilizilala zote. Nilishiba. Waliniuliza kama nimeshiba.

Tuliporudi Kimandolu na watoto betri tuliiacha kwa mama, na redio ile huimaliza kwa wiki tatu hivi. Kijijini hakuna umeme, na mwenye chaja ya volti sita ni mimi. Kondakta hapokei betri yenye asidi isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo tangu siku hiyo ninashuka nayo Kimandolu, naikalia siku mbili tatu nikiibonyeza kadiri mgao unavyopenda, kisha napanda nayo tena Upare. Makondakta wa njia ile wananiita mkwe. Wananiwekea kiti.

Mwezi wa kumi na moja kaka aliuliza kama limeamka, nikamwambia ukweli. Yeye ni mkubwa wa ukoo, mila ameikariri kuliko mimi, na anajua vizuri kwamba zawadi ya ukweni hairudishwi. Nikamwambia basi lake la kutoka Dar linapita Same. Ashuke, apande mlimani, akamwombe mwenyewe.

Alishuka. Mama alimkubalia kuiazima kwa Krismasi, kwa sharti kwamba airudishe yeye kwa mkono wake kabla ya mwaka mpya, na alale angalau siku tatu, maana ndugu wa mkwe naye ni mkwe.

Kaka aliingia getini na ndoo iliyofunikwa khanga, suruali yake mpya ina matobo mawili ya asidi. Tukaifunga betri chini ya kiti. Akageuza ufunguo, gari likaitika, akaliendesha Uchagani, watu wakaona. Lakini niliona hakupiga honi njiani kama miaka mingine.

Siku ya pili ya sikukuu tukairudisha betri kwenye chaja. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, karibu na dirisha, ndoo tupu miguuni.

"Hivi basi la kwanza la kule linaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia saa kumi na mbili, aombe kiti cha mbele, aishike ndoo wima. Redio za majirani zikaanza kulia. Nikainuka kwenda kubonyeza.