Ndege Mbili za Mti wa Mkonge

Siku ndege ya serikali ilipokuja kuwanyunyizia dawa kwelea kwelea, nilikuwa nimesimama katikati ya mtama wa shamba la kijiji. Bwana shamba alikuwa ametuambia tusiwe na wasiwasi, kwamba dawa itamwagwa kule kwenye matete, walikolala wale waharibifu, mbali na sisi. Lakini rubani alipomaliza kazi yake alikata kona juu yetu, chini sana, hata masuke yakalala. Kabla sijainua macho, nilijikuta nimeanguka kifudifudi kwenye mfereji kati ya matuta, na mtu amenilalia mgongoni, amenifunika kichwa kwa mikono yake miwili. Mdomo wangu ulijaa udongo. Nilisikia moyo wa mtu yule ukigonga begani kwangu.

Alikuwa jirani yetu mpya. Watu wa milimani walipohamishiwa kwenye kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Rudewa, yeye alipewa kiwanja kilichopakana na chetu. Alikuwa mjane, Mwanglikana, mtu wa maneno machache. Tulisalimiana kila asubuhi, basi.

Wanawake walicheka, wanaume wakapiga miluzi. Kisha wote wakanyamaza, kwa sababu mume wangu alikuwa anakuja na jembe mkononi, akiukanyaga mtama. Mimi mke wa mtu, Mwislamu, nimelaliwa na mwanamume mchana kweupe mbele ya kijiji kizima. Nilijua kila mtu anangoja nini.

Mume wangu aliweka jembe chini. Akapiga magoti kwenye mfereji, akamshika yule mtu bega.

"Imekwenda, ndugu yangu," alimwambia polepole. "Imeshakwenda. Sikiliza, haipo."

Jirani hakuinuka. Alikuwa anatetemeka kama mwenye homa.

"Ulikuwa wapi?" mume wangu akamuuliza.

"Habeshi," jirani akajibu, uso wake bado chini.

"Mimi Burma."

Ndipo akaniachia. Mume wangu alituinua wote wawili, mimi na yeye, akatupangusa udongo, na tukarudi nyumbani watu watatu bila kuaga shambani. Nilikuwa nimeishi na mwanamume huyu zaidi ya miaka ishirini na kumzalia watoto. Nilijua alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita kuu ya pili, kama wote walivyojua, maana alirudi na koti zito ambalo baadaye nililipasua nikabebea watoto. Lakini kuhusu Burma, nilikuwa nalijua jina tu.

Jioni ile jirani alikuja kuniomba radhi. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuaibisha."

Nilimwambia hajaniaibisha, akaribie ndani, chai i tayari. Hilo ndilo jambo jema nililolifanya maishani mwangu bila kulifikiria.

Mume wangu alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda, mipini ya majembe. Jirani alianza kuja kila siku baada ya kazi za shamba, akikaa kwenye kigogo kando ya meza ya kazi, na mwanzoni sikuwasikia wakizungumza lolote zaidi ya mvua. Kisha siku moja mume wangu aliokota kipande cha ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge uliozeeka. Kwetu, kwenye mashamba yale yaliyoachwa, miti hiyo ilisimama kila mahali. Ikikauka, moyo wake huwa mwepesi kama boga kavu na hukatika kwa kisu. Alichonga kidogo, akamwonyesha mwenzake.

"Zilikuwa na tumbo namna hii," akasema.

Jirani alikitazama, akatikisa kichwa. "Sivyo. Pua yake ilikuwa butu. Na injini zilikuwa tatu. Moja puani, mbili kwenye mabawa."

"Mbili! Nimezitazama mwaka mzima."

"Wewe umetazama za Mwingereza. Mimi nakwambia za Mtaliano."

Wakabishana mpaka nikachoka. Nikawaambia kutoka jikoni: "Si kila mtu atengeneze yake?"

Hivyo ndivyo ndege zikawa mbili, zote za kutupa mabomu. Walizitengeneza kwa miezi mingi, na sijapata kuona wanaume wazima wakifanya kitu kwa uangalifu namna ile. Walitaka vipimo viwe sawa na ndege za kweli, lakini hapakuwa na picha wala mtu wa kumuuliza. Jirani ndiye aliyepata njia. Alichukua njiti ya kiberiti akaisimamisha mezani. "Huyu ni askari," akasema. Mume wangu alikumbuka kwamba, alipokuwa zamu ya kulinda uwanja wa ndege, aliweza kusimama chini ya bawa bila kuinama na kuligusa kwa mtutu wa bunduki. Basi bawa likawekwa juu ya njiti kwa kiasi hicho. Kila kitu kilipimwa kwa yule askari wa njiti: mlango, magurudumu, mkia. Alipovunjika waliteua mwingine.

Nami nikaingia. Vidole vyao vilikuwa vizito kwa kazi ndogo. Nilisugua mabawa kwa majani ya msasa mpaka yakawa laini kama shavu la mtoto. Nilitoa vifungo vya shati kuwa magurudumu, na njiti za mwavuli uliochanika zikawa mitutu ya bunduki. Masizi ya chungu na gundi vilitupatia rangi nyeusi ya matumbo. Nikiwa nasugua, wao walisahau kwamba nipo, au walijifanya wamesahau, na maneno yakaanza kutoka.

Jirani alikuwa mchunga nyumbu wa mizigo. Si hawa nyumbu wa mbuga za Mikumi. Ni wale wazawa wa punda na farasi, waliobeba risasi na maji. Walikuwa wanavuka uwanda mtupu wa Habeshi, Ethiopia ya leo, usio na hata kichaka, ndege za Mtaliano zilipotokea. Nyumbu waliwavuta huku na huku. Yeye alisimama tu, kamba mkononi, akitazama juu kama mtu anayetazama mvua. Mwenzake, mtu wa milima ile ile ya kwao, alimrukia akamwangusha na kumlalia.

"Nilimwambia, ondoka, unaniumiza," jirani alisema. Alikuwa ameshika bawa na hakuwa anachonga. "Nikadhani amezimia. Nilikuwa namwambia ondoka, kumbe mwenzangu hayupo tena."

Kisha akanigeukia mimi, ambaye kwa kawaida hakunitazama akizungumza.

"Shemeji, siku ile ya mtama, mimi nilijua ni dawa ya ndege. Kichwani nilijua. Mwili haukujua."

Nilijibu kwamba namshukuru, kwa sababu kama yangekuwa mabomu kweli, mimi ndiye ningekuwa hai. Akainamisha kichwa. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Ugomvi wao mkubwa ulikuja ndege zilipokaribia kukamilika. Mume wangu alikuwa ameipenda ya kwake mno. Aliiinua juu, akaipitisha hewani, akasema, "Hii iliniokoa." Akaeleza jinsi kikosi chao kilivyokwama chini ya kilima siku kadhaa, mvua inanyesha, bunduki za Mjapani ziko juu yao, kila anayeinua kichwa harudi. Ndege zikaja. Kilima kikatikisika mpaka meno yakagongana. Baadaye wakapanda wakiwa wima, hakuna aliyewafyatulia.

"Vizuri," jirani alisema. "Lakini kule juu kulikuwa na watu."

"Walikuwa adui."

"Na mimi kwa yule rubani wa Kitaliano nilikuwa nani?"

Mume wangu aliiweka ndege mezani kwa kishindo, akaenda nje. Nikadhani urafiki umeishia hapo. Lakini alirudi akakaa, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia:

"Tulikuta sufuria. Kwenye handaki lao. Wali umeiva, bado unatoa mvuke. Wenyewe wamelala pale pale. Tulikuwa na njaa ya siku nyingi. Tukaula wote."

Hapo ndipo nilipoacha kusugua. Sisi ni watu wa bondeni. Tulilima mpunga, tulikula wali kila sikukuu, na mume wangu hakupata kuonja punje tangu siku aliponioa. Miaka yote nilimpikia ugali wake pembeni. Mama mkwe alisema ni tumbo. Mimi, ujana wangu, niliwahi kulia nikidhani ni mapishi yangu. Sasa nikaelewa. Hata baada ya hapo hakula wali, na mimi sikumwuliza tena, ila kumpikia ule ugali kulikuwa tofauti. Niliupika kama mtu anayejua anampikia nani.

Jirani alimsogelea. "Tulikuwa watoto," akasema. Wakaendelea na kazi.

Mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwamba kila kijiji kipeleke kazi za mikono kwenye maonyesho ya Sabasaba pale Kilosa mjini, alikuwa anafikiria vikapu na mikeka. Sisi tulizifunga ndege zetu kwa khanga tukapanda nazo lori la kijiji, nimezipakata mapajani njia nzima. Tulizitundika kwa nyuzi za katani kwenye kibanda chetu, juu ya mahindi na mafenesi. Zikawa zinazunguka polepole kwa upepo.

Kijana mmoja mwenye beji kifuani, aliyekuwa anakagua vibanda, alisimama akakunja uso.

"Shikamooni, wazee. Hizi ni ndege za vita?"

"Marahaba. Ndizo," mume wangu akajibu.

"Sasa wazee wangu, sisi tunajenga ujamaa. Mngetengeneza trekta. Mabomu yanamfundisha nini mwananchi?"

Jirani, yule asiyesema, ndiye aliyejibu. "Mwanangu, trekta hatujaliona karibu. Hizi tumeziona."

Watu walicheka, hata kijana mwenyewe akacheka. Lakini nyuma ya watu palikuwa na mzee mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa na mkono mmoja. Shati upande wa pili limebanwa kwa pini. Alipenya mpaka mbele, akazitazama ndege kwa muda mrefu, kisha akabana visigino na kupiga saluti kwa mkono uliobaki. Alikuwa ametoka Munisagara kwa treni ya asubuhi kuja kuuza asali.

"Keya?" mume wangu akamuuliza.

"Keya, afande."

Nikamletea kigoda. Hajamaliza kukaa, mwingine akaja, kutoka Malolo, kisha mwingine tena. Wanaume ambao wake zao na watoto wao waliwajua kama wakulima na wauza asali walikuwa wanasimama mbele ya kibanda chetu, wanaita majina ya mito ya Burma na miji ya Habeshi. Wengine walibishana juu ya mkia wa ndege, wakisema umekuwa mfupi. Mmoja aliishika ile ya Kitaliano, akaigeuza juu chini, akasema tumbo ndilo analolikumbuka, maana hakuwahi kuuona mgongo wake. Hatukupata zawadi yoyote. Tuliuza mafenesi yote.

Baadaye jirani yetu alihamia Mikumi kwa binti yake, ambaye mumewe alikuwa askari wa wanyamapori. Tulikwenda kumsalimu. Asubuhi iliyofuata mkwe wake alitupeleka uwanja wa ndege wa mbugani, ambako ndege ndogo ya kuhesabia wanyama ilikuwa imeegeshwa, na swala wanakula majani kando yake. Rubani alikuwa kijana wa Kitanzania. Alituamkia, akamruhusu mume wangu aiguse.

Aliweka kiganja chake ubavuni mwa ndege, akabonyeza. Bati likabonyea kidogo na kurudi.

"Kumbe ni nyembamba hivi!"

"Ikiwa nzito haipai, mzee."

"Hata zile za vitani?"

"Hata zile. Ukubwa tu."

Mume wangu alinigeukia. "Mke wangu, wale marubani walikuwa wamekaa ndani ya debe. Sisi tulikuwa na udongo wa kujifichia, wao walikuwa na debe." Kisha akamshika yule rubani mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana, mwanangu."

"Mimi sijakufanyia kitu, mzee."

"Najua. Ahsante hii nimekosa wa kumpa. Wewe ipokee."

Kijana aliniangalia mimi, kisha akaipokea. "Nimeipokea, mzee," akasema, bila mzaha.

Mume wangu alifariki miaka michache baadaye, kitandani mwake, bila maumivu makubwa. Jirani yetu alikuja kutoka Mikumi, akawa miongoni mwa waliobeba jeneza mpaka makaburini. Hakuacha kuja. Kila alipokuja kunijulia hali aliniletea kipande kimoja cha mume wangu nilichokuwa sina, jambo walilozungumza wakati mimi niko kisimani au sokoni. Mara moja aliniambia kwamba, kule Burma, mume wangu alivuka mto mpana akiwa na kamba kiunoni ili wenzake wavuke kwa kuishika.

"Alivuka na nini?" nikauliza.

"Kwa mikono yake, shemeji. Aliogelea."

Nilicheka mpaka nikalia. Tumeishi bonde lile la mafuriko, mto umetutoa nyumbani si mara moja, na siku zote, wanaume wanaojua kuogelea walipoitwa kutafuta mitumbwi, yeye alipanda juu ya paa na sisi, akishikilia watoto, akisema anaogopa maji kama paka. Hakutaka kutuacha peke yetu. Kumbe alijua kuogelea.