Betri Haikuwa Imeisha

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimevunja mawe machimboni kabla sijaota ndevu. Nimesukuma mkokoteni soko la Nyeri miaka minne. Nimeona lori la majani chai likibingirika mpaka bondeni na dereva akatoka akiuliza ni saa ngapi. Shule niliiacha darasa la tano, na bado wenye digrii zao walipanga foleni mlangoni kwangu kukodi mashini. Kwa hivyo nikikuambia kuna kitu kimoja kilinishangaza, ujue sikuletei hadithi.

Na nimechoka kukisimulia, kusema kweli. Kila nikisimulia hapakosi mjuaji wa kuniuliza siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Chai. Nilikuwa nimekunywa chai, na hata sukari ilikuwa kidogo. Nakiandika mara hii moja, anayetaka asome, kisha niachwe nipumzike.

Kazi yangu miaka hiyo ya tisini ilikuwa kukodisha vipaza sauti. Harusi, mazishi, mikutano ya Injili, mnada wa ng'ombe, popote. Masanduku ya spika nilipiga randa na kugongomea mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na sauti safi kama yangu kutoka Nyeri mpaka Kiriaini. Uliza wazee. Amplifaya yangu ilikuwa moja, kubwa, ya kula betri ya gari na stima vilevile.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa rika langu hawakulijua, au walilijua wakaninyamazia kwa heshima. Nilikuwa mpenzi wa metali. Sisemi roki ya kuimbia wasichana. Nasema ile kali kabisa, ngoma kama mvua juu ya mabati na mtu ananguruma kama ng'ombe aliyekwama mtaroni. Wenyewe wanaiita metali ya kifo. Ilinijia hivi: mwalimu mmoja aliniletea redio kaseti niitengeneze, na hakurudi kuichukua. Ndani kulikuwa na kaseti. Nikaiwasha, nikasikia ule mngurumo, nikajua spika imepasuka. Nikafungua redio, nikabadilisha spika. Mngurumo uleule. Nikafungua tena. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba redio ni nzima, ni watu walioamua kuimba hivyo. Nikakaa chini nikasikiliza upande mzima, nikageuza. Niamini, ulikuwa muziki wa kwanza maishani mwangu kusikika kama machimbo. Nyundo, vumbi, na mtu anapiga kelele hakuna anayemjibu. Nyimbo nyingine zote naona ziliimbwa na watu waliolala vizuri.

Halafu nikapata wenzangu. Kulikuwa na bendi ya vijana wanne pale Nyeri, Mvua ya Mawe, waliojifunza wimbo kwa wimbo kutoka kwenye kaseti. Mwimbaji wao aliitwa Githinji. Siku za kazi alikuwa akipima majani kwenye kituo cha chai, mtu mpole, huwezi kuamini sauti ile ilikaa wapi ndani yake. Nilihudhuria kila onyesho lao, hata lile la kwenye stoo ya viazi ambako tulikuwa watu saba. Nilisimama mbele kabisa, mimi mtu mzima mwenye koti, kichwa kikienda juu na chini.

Mwezi wa saba mmoja nikawaandalia onyesho kubwa. Nililipa ukumbi karibu na uwanja wa Ruring'u kwa pesa zangu. Kulikuwa na bwana kutoka Nairobi, mtu wa kuandaa maonyesho huko, aliyeahidi kuja kuwasikiliza. Angefika saa tisa alasiri na kuondoka kabla ya giza. Wakimpendeza, atawachukua. Githinji hakula siku mbili.

Shida ni kwamba Jumamosi hiyohiyo nilikuwa na mazishi huko Tetu. Sikatai kazi mimi. Nilipiga hesabu: watazika saa saba, mimi saa nane niko Ruring'u nafunga nyaya.

Umewahi kuona mazishi ya mzee mwenye jina yakiisha saa saba? Kila aliyeshika maikrofoni alianza kwa kusema hatasema mengi. Saa nane na nusu ndiyo kwanza jeneza lilikuwa limeteremshwa, na emsii akawa anaita watu kwa makundi waje waweke maua. Mjane. Wana. Wajukuu. Wakwe. Chama cha kahawa. Baridi ile ya Julai ilikuwa imeshuka na ukungu, watu wakiongea unaona pumzi zao.

Emsii alisimama karibu na mashini yangu kati ya kundi na kundi, akanionyesha karatasi yake. Jina la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa penseli. Nyambura, binti wa kwanza. Akaninong'oneza kwamba yule msichana aliolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, na mzee akaapa jina lake lisitajwe tena ndani ya boma lake. Miaka kumi na moja sasa. Ndugu zake wa kiume hawakutaka aitwe. Ni shangazi mtu aliyeliongeza lile jina. "Tukifika hapo tutaona," emsii akasema.

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa nje ya ua, peke yake, na maua meupe yale ya mtoni ameyafunga kwa uzi wa sufu. Alikuwa anatazama spika zangu. Mtu anayengoja kuitwa utamjua tu.

Nilijua, basi. Siwezi kusema sikujua. Lakini saa ilikuwa inaniambia bwana wa Nairobi amefika. Nikainama kama mtu anayekagua, nikachomoa waya mmoja wa betri, sauti ikakatika. Nikamwambia emsii betri imeisha. Kaka mkubwa akasema haraka, "Basi hiyo inatosha. Pasta, tufungie kwa maombi." Wakaomba, wakaenda kwenye chakula. Nilipopita na pikapu yangu, yule dada alikuwa bado amesimama palepale. Sikumtazama.

Ruring'u nilifika wamenikasirikia, lakini nilifunga mitambo kwa dakika ishirini, kazi ambayo wengine hufanya kwa saa mbili. Plagi ya amplifaya ilikuwa inalegea ukutani. Nikapapasa mfukoni, nikapata karatasi ya ratiba ya mazishi niliyopewa asubuhi na ambayo sikuwa nimeitazama, nikaikunja, nikaikaza chini ya plagi. Stima ikashika. Bwana wa Nairobi alikuwa amekaa nyuma na kikombe cha chai. Mvua ya Mawe wakaanza.

Nisikudanganye, sijawahi kusikia kitu kama kile. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Vijana wakaanza kusukumana katikati ya ukumbi, mvuke ukawatoka mabegani kama ng'ombe waliotoka josho. Wimbo wa tatu nikaona bwana wa Nairobi ameweka kikombe chini na kusimama.

Hapo ndipo nilipomwona yule mzee.

Alikuwa mbele ya spika ya kulia, amevaa suti ya kijivu, kofia ameishika kifuani kama mtu aliye kanisani. Nilifurahi, unajua? Nikasema moyoni, huyu ndiye mwenzangu, mtu mzima mwingine anayeelewa. Kisha nikaona miguu. Hakuwa na viatu. Alikuwa na soksi nyeupe, na nje siku hiyo kulikuwa na matope ya kufika kwenye kifundo, na zile soksi zilikuwa safi. Vijana walisukumana pande zake zote na hakuna hata mmoja aliyemgusa. Na ukumbi mzima ulikuwa unatoa mvuke isipokuwa yeye.

Akaja mpaka kwenye mitambo.

"Kijana, hii mashini ni yako?"

"Ni yangu, mzee. Kuanzia waya mpaka msumari."

"Betri yako haikuwa imeisha," akasema.

Hakuna mtu hata mmoja niliyekuwa nimemwambia.

"Maitu wangu hajaitwa," akasema. "Nyambura. Bado anangoja."

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na baba anayempenda humwita maitu, mama yangu. Hilo nililielewa papo hapo. Ambacho sikukiwaza mpaka baadaye ni hiki: Githinji alikuwa ananguruma hatua tatu kutoka kwangu, sauti yangu mwenyewe nilikuwa siisikii, na yule mzee alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyekaa jikoni. Nilisikia kila neno.

Nikakumbuka ile karatasi. Nikainama nikaivuta ili nione picha ya marehemu, na nilipoivuta, plagi ikatoka. Giza la sauti. Bendi ikabaki ngoma tupu, kisha ngoma nayo ikanyamaza. Nikaikunjua ile karatasi. Uso ni uleule, suti ni ileile ya kijivu.

Nilipoinua macho alikuwa bado yupo, kofia kifuani, ananitazama bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Buda, rudisha stima," Githinji akaniita kutoka jukwaani; ndivyo vijana wale walivyomwita mzee. Ilikuwa kazi ya sekunde moja. Kuchomeka tu. Bwana wa Nairobi alikuwa ananitazama pia, na kijana wa watu alikuwa amengoja siku hiyo tangu alipoanza kupima majani.

Nikaanza kukunja nyaya.

Githinji akashuka. Hakunipiga, alinishika tu mkono. "Buda, unatuua," akasema. "Angalau tumalize huu mmoja." Nikamwambia kuna mtu sikumwita. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na sikumlaumu. Niliporudi kuchukua spika ya kulia, mbele yake hapakuwa na mtu, na sakafu pale ilikuwa kavu.

Tetu nilifika jua likikaribia kuzama, ingawa kwa ukungu ule jua lenyewe hukulijua liko wapi. Waombolezaji waliobaki walikuwa wanakula chini ya turubai. Na yule dada? Alikuwa palepale nje ya ua, na maua yake. Miguu yake ilikuwa imezama kidogo kwenye udongo.

Nikapanda juu ya pikapu, nikaunganisha betri ileile, na iliwaka mara moja. Kaka mkubwa akaja na sahani mkononi. "Wewe si ulisema betri imeisha?"

"Nilidanganya," nikamwambia.

Nikashika maikrofoni. Mazishi mengi nimeyahudumia lakini sikuwa nimewahi kuita mtu mimi mwenyewe. Nikasema, "Nyambura, binti wa kwanza wa marehemu, aje aweke maua." Ukungu ukaichukua ile sauti ukaipeleka bondeni, ikarudi. Watu wakaacha kutafuna. Kaka mkubwa alitazama sahani yake kwa muda mrefu, halafu akasogeza kiti kilichokuwa kimeziba njia.

Yule dada akaingia, akaweka maua, akakaa kando ya kaburi kidogo tu. Kisha akaja kwenye pikapu.

"Nani amekutuma?"

Nikamwambia. Nilitarajia apige kelele au anicheke. Alishika ubavu wa gari.

"Alisemaje? Niambie vile alisema."

"Alisema, maitu wangu hajaitwa."

"Maitu? Alisema maitu?"

"Alisema."

Halafu akaniuliza swali ambalo hata leo huniamsha. "Miguuni alikuwa amevaa nini?"

"Soksi nyeupe. Bila viatu."

"Nilizinunua mimi," akasema. "Nilimpa mtu wa mochari amvalishe. Hapa nyumbani hakuna anayejua. Barua zangu zote alizirudisha, nikasema, hizi hataweza kurudisha."

Basi. Hakuna kingine kilichotokea. Yule dada aliingia kula na wenzake, nami nikarudi mjini. Githinji hakunisalimia tena mpaka bendi ilipovunjika, na bwana wa Nairobi hakurudi. Onyesho lingine la metali sijahudhuria. Kaseti bado ninazo, na muziki naupenda vilevile, lakini kila nikiweka, pale kati ya wimbo na wimbo namsikia mtu akisafisha koo taratibu, kama anayetaka kunikumbusha jambo. Hanitishi. Hunichosha tu. Na kwenye mazishi siwezi kuzima mashini mpaka niulize mara tatu kama kuna mtu hajaitwa. Watu wamenipa jina, Hajaitwa, na watoto wao huniita hivyo barabarani. Nimezeeka nikiwa wa mwisho kutoka kwenye kila kaburi la wilaya hii.

Wewe unayesoma, kama siku moja utashika maikrofoni au waya wa betri, tazama kwanza nje ya ua. Ukiona mtu amesimama na maua mkononi, ngoja. Hata kama unangojwa kwingine. Mimi sikungoja, na ukijumlisha ukumbi, tiketi nilizowarudishia vijana, malipo ya mazishi niliyowarudishia wenyewe bila kuombwa, na petroli ya kurudi Tetu, kuita jina moja kulinigharimu shilingi elfu kumi na moja, mia nne na sitini.