Kupe wa Chatu Kwapani mwa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa akitetemeka kwenye benchi ya zahanati huku Ndithini, na mimi niko na neno mdomoni ambalo alinikataza kulitoa.

Neno lenyewe ni hili. Chatu alikwama kwenye waya wa zizi letu la mbuzi. Nilichukua panga. Mke wangu akasema, "Ukimuua hapo ndani, mbuzi watakataa kuingia. Kata waya wewe." Akamtupia gunia, akamkalia. Ni mtu mzito, namshukuru Mungu. Babake naye alivunja kiti chetu siku ya mahari, lakini hiyo ni habari nyingine. Nikakata waya, chatu akateremka bondeni. Magamba yake yalijaa kupe. Mmoja nilimkuta baadaye amemng'ang'ania mke wangu kwapani, nikamng'oa, nikampasua kwa kucha kama tunavyofanya siku zote.

"Watu wakisikia tumeachilia nyoka," akaniambia, "watasema tunamfuga wa uchawi. Na mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani!"

Sasa homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari, msichana wa umri wa wajukuu wetu, akainama, akamwita nyanya kwa Kikamba.

"Susu, kuna mdudu amekuuma?"

"Kupe wa ng'ombe tu, mjukuu wangu."

Ng'ombe hatuna.

Daktari akaanza kuandika. Meno ya mke wangu yaligongana, macho yakazama. Nyuma yetu foleni ya majirani ilikuwa inasikiliza. Alinibana mkono ninyamaze. Nikasema, tena kwa sauti, maana kunong'ona sijui: "Ni kupe wa chatu! Alimkalia!"

"Aiee!" mtu akasema. Foleni ikarudi nyuma.

Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kupe hubeba vijidudu ambavyo jicho halioni, na vingine vikiingia kwa damu ya mtu huleta homa.

"Hivyo vya kupe wa nyoka hatuvijui vizuri, mzee. Lakini sitangoja nivijue." Akabadilisha dawa. "Na usipasue kupe kwa kucha tena."

Hakuahidi kitu. Tulingoja nyumbani, mimi nikimgusa paji la uso kila mara mpaka akanifukuza. Kesho yake jioni jasho likamtoka, akaomba uji.

"Jumapili utaenda kanisani peke yako," akasema. "Ukawaelezee hao akina mama."

Nilimwongezea uji.